Nimesoma vitabu vya mafanikio miaka miwili, mbona duka halikui?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, nauza vyombo vya plastiki na sufuria Mwanjelwa, Mbeya, tangu 2019. Miaka miwili iliyopita rafiki yangu alianza kunitumia vitabu vya mafanikio kwa WhatsApp. Vingine nasoma, vingine nasikiliza muhtasari wake usiku nikikunja nguo. Vilinifungua macho sana. Nikaanza kuamka saa kumi na moja alfajiri, najitamkia 'mimi ni tajiri, pesa inanipenda', na ukutani nimebandika picha ya nyumba na gari. Kikoba chetu nilikiacha kwa sababu mhamasishaji mmoja alisema ukikaa na watu wanaowaza elfu tano tano na wewe utabaki kuwaza elfu tano. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Tukuyu. Nilimwambia usoni kwamba yeye ndiye aliyetupandikizia akili ya kimaskini, maana tumekua tukiambiwa pesa ni fitina. Tangu Pasaka hatuongei vizuri.

Lakini duka liko palepale. Nauza kama milioni 2 na laki 4 kwa mwezi, ila pesa siioni. Kila siku natoa elfu 12 mpaka 15 ya nyumbani, kwa sababu mume wangu anaendesha bajaji ya mtu na hesabu ya bosi haimwachii kitu. Yeye anasema vitabu vimenichanganya. Sasa kuna semina ya siku mbili Dar, kiingilio laki tatu na nusu, na kuna watu wa mikopo wako tayari kunipa milioni 3 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Kitabu kinasema maskini anaogopa deni, tajiri analitumia. Je, ni mtazamo wangu ndio bado haujabadilika? Nikope nifikiri kikubwa? Usiku sipati usingizi, najilaumu. Ndaga fijo, asante sana."

JIBU:

Marahaba, dada yangu. Naanza na jibu, maelezo yatafuata, kwa sababu watu wa mikopo hawana subira na wewe umeshachoka: usisaini hiyo milioni 3. Semina iache kwanza. Na duka lako halijakwama kwa sababu ya mtazamo.

Kazi yangu ni kuwashauri wafanyabiashara wadogo, wengi wao wa hapa Mbeya mpaka Tunduma, na barua kama yako napata nyingi. Watu wamegawanyika. Wako wanaosema vitabu hivi ni utapeli mtupu, na wako walioviweka pembeni ya Biblia. Mimi siko upande wowote kati ya hizo. Wewe mwenyewe umeandika kwamba vilikufungua macho, na naamini hivyo. Vilikupa ruhusa ya kutaka pesa bila kuona haya, vikakuamsha mapema, vikakufanya uulize pesa inakwenda wapi. Hayo ni mazuri, usiyatupe. Ila vimekupa pia mambo mengine ambayo hukuyaomba, na moja limemwangukia baba yako.

Nianze na yeye. Vitabu vingi vya aina hii husema mzazi maskini humrithisha mtoto woga wa pesa. Huenda ni kweli huko vilikoandikwa. Lakini mwalimu aliyeshika chaki hapa nchini miaka ya 70 hakuokota njiani maneno kwamba pesa ni fitina. Azimio la Arusha la 1967 lilisema waziwazi kwamba tulikosea kuifanya fedha kuwa silaha yetu kuu, na kwamba maendeleo yanahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Miiko ya uongozi iliyoambatana na Azimio ilimkataza kiongozi wa TANU, pamoja na mtumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu, kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni, hata kuwa na nyumba ya kupangisha. Isome tena orodha hiyo taratibu. Ni karibu yote ambayo vitabu vyako vinakuagiza ufanye ili utajirike. Mwalimu wa kawaida huenda miiko haikumgusa kisheria, lakini ndiyo iliyokuwa heshima ya wakati ule, shuleni na ofisini, mpaka Azimio la Zanzibar la 1991 lilipoilegeza. Kwa hiyo baba yako alikuwa muungwana kwa kipimo cha zama zake. Na kwa mshahara ule ule wa ualimu alikulisha na kukusomesha ukaweza kuvisoma vitabu vinavyomsema. Unaweza kuamua kuishi kwa kanuni nyingine, ni haki yako. Kumwita chanzo cha umaskini wako ni kumwonea. Panda gari uende Tukuyu siku moja, na usiende na kitabu.

Jambo la pili ni vitabu vyenyewe vilikotoka. Kile kilichozaa ukoo mzima, cha Napoleon Hill, kilitoka Marekani 1937, nchi ikiwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi na mamilioni ya watu hawana kazi. Mwanamume aliyefukuzwa kiwandani akaambiwa kwamba siri ya utajiri iko kichwani mwake. Habari gani njema kuliko hiyo, maana kichwa ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Hill alidai kwamba tajiri wa chuma Andrew Carnegie ndiye aliyemtuma akawahoji matajiri na kuikusanya hiyo siri. Carnegie alikuwa ameshafariki tangu 1919, hakuweza kukubali wala kukanusha, na David Nasaw aliyeandika wasifu wake hakuona ushahidi wowote kwamba wawili hao waliwahi hata kukutana. Sikuambii haya ili ukichome kitabu. Nataka ujue tu kwamba unachokisoma kama ushuhuda wa matajiri kinaweza kuwa hadithi nzuri ya mwandishi mzuri.

Hata ushauri wenye akili ndani yake huharibika ukisafirishwa bila kuangaliwa. Robert Kiyosaki, katika kitabu chake cha 1997, anasema nyumba unayoishi si mali, kwa sababu kila mwezi inatoa pesa mfukoni mwako. Kwa Mmarekani anayelipa benki mkopo wa nyumba miaka 30, hoja hiyo ina uzito. Hapa kwetu mtu ananunua kiwanja, kiangazi anachoma tofali, anapandisha boma, boma linakaa miaka miwili likinyeshewa, anaezeka, anahamia chumba kimoja na viwili anapangisha. Nyumba hiyo haina rejesho la benki na kila mwezi inamletea kodi. Nimekutana na mtu pale Uyole aliyeuza kiwanja kwa sababu kitabu kilimwambia nyumba si mali. Pesa aliweka kwenye biashara asiyoijua.

Sasa nije kwenye kiini, yaani kwa nini unajilaumu. Binadamu hawezi kukaa na hasara isiyo na sababu, lazima aipe jina. Sokoni kwetu, droo ikipungua watu husema chuma ulete: kuna mtu amenunua ndoo kwa noti yenye dawa, pesa zako zikamfuata. Bila shaka na wewe umeyasikia hayo hapo Mwanjelwa mara nyingi. Umeacha kuyaamini, na nakupongeza, ila naona mahali pake umeweka mtazamo. Yote mawili hujibu swali la "pesa imekwenda wapi" bila mtu kufungua daftari. Na mtazamo ni mkali kuliko chuma ulete, kwa sababu kwenye chuma ulete mwenye kosa ni jirani, kwenye mtazamo mwenye kosa ni wewe saa zote. Ukipata, ni kwa sababu uliamini. Ukikosa, hukuamini vya kutosha. Maelezo yanayoshinda kila kesi namna hiyo hayawezi kukufundisha kitu, kwa sababu hakuna siku yatakayokuambia umekosea hapa, rekebisha pale.

Kumbuka pia mahali unapofanyia kazi. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006. Soko la SIDO, hapo hapo Mbeya, liliungua 2011, likaungua tena 2017. Wapo waliokuwa na nidhamu, daftari safi, wanaamka alfajiri kuliko wewe, na asubuhi walikuta majivu. Hao hawaalikwi kuandika vitabu vya mafanikio. Anayeandika ni yule ambaye moto haukufika kwenye fremu yake, na kwa nia njema kabisa anadhani ni kwa sababu ya yale aliyokuwa akijitamkia.

Isitoshe, mara nyingi mambo huenda kinyume na vitabu vinavyosema: umaskini ndio unaobana fikra. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya wakulima wa miwa nchini India, waliopimwa akili kwa maswali ya aina moja kabla ya mavuno wakiwa wamebanwa, na baada ya mavuno wakiwa na pesa. Watu ni wale wale, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Wataalamu wamebishana juu ya ukubwa wa matokeo hayo, ila mtu yeyote aliyewahi kupiga hesabu ya ada mwezi Januari anajua wanazungumzia nini.

Kuhusu kujitamkia na picha za ukutani niwe mfupi, ingawa najua umeviwekea moyo. Mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake kule Kanada walijaribu jambo hili mwaka 2009: waliwataka watu wajirudierudie kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa tayari wanajiamini walijisikia vizuri kidogo. Wasiojiamini, ambao ndio hasa wanaouziwa dawa hii, walijisikia vibaya zaidi kuliko mwanzo. Ukisema "mimi ni tajiri" huku mwenye fremu anagonga, akili yako inakuletea ushahidi wa kukupinga, na ushahidi upo. Gabriele Oettingen, Mjerumani aliyetumia miaka mingi kuchunguza ndoto za mchana, alikuta kwamba wahitimu wa chuo waliokuwa wakijiona katika ndoto tamu za kazi nzuri walikuja kupata kazi chache na mishahara midogo kuliko wenzao. Picha tamu huupa mwili raha ya aliyekwisha kufika, nguvu ya kutafuta inapungua. Anachopendekeza yeye ni kuitazama ndoto, kisha hapo hapo kuuliza ni kitu gani ndani ya uwezo wangu kinanizuia, halafu kupanga: likitokea hili, nitafanya lile. Picha ya nyumba usiibandue. Andika chini yake kwa kalamu kile kinachozuia.

Je, basi mtazamo hauna kazi yoyote? Unayo, na ushahidi mzuri kuliko wote ninaoufahamu umetoka Afrika, mjini Lomé, Togo. Watafiti walichukua wafanyabiashara wadogo 1,500 na kuwagawa makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa biashara kwa njia ya kawaida: hesabu, masoko, usimamizi. La pili lilifundishwa kitu walichokiita ujasiri wa kuanzisha mambo mwenyewe. La tatu halikufundishwa chochote. Waliwafuatilia kwa zaidi ya miaka miwili na matokeo yakachapishwa 2017. Waliofundishwa hesabu faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na bahati. Wale wa kuanzisha mambo walipanda asilimia 30, na wanawake wao asilimia 40.

Wahamasishaji wakisikia habari hii hupiga makofi: si tulisema, mtazamo! Ngoja kwanza tuangalie walifundishwa nini. Hakuna aliyeambiwa ajione tajiri. Walifundishwa kutokusubiri mteja aseme, bali kumwuliza. Walifundishwa kutazama jirani anauza nini na wao wafanye nini tofauti, kuweka lengo lenye tarehe, kupanga mapema watafanya nini mambo yakikwama, kisha wakarudi madukani wakajaribu huku mwalimu akiwafuata kuona. Mama mmoja aliyekuwa akikodisha magauni ya harusi aligundua kwamba maharusi wanahangaika kutafuta mapambo ya kuendana na gauni, akaanza kuuza na hayo. Huo ndio mtazamo uliozaa pesa. Uko mikononi na mdomoni zaidi kuliko kichwani.

Sasa tufungue droo yako, kwa sababu hapo ndipo jibu lako lilipo na hakuna kitabu kitakachokufungulia. Nakadiria, wewe utasahihisha. Tuseme kwenye kila elfu 10 unayouza, elfu 7 na mia 5 ni bei ya mzigo pamoja na usafiri, na elfu 2 na mia 5 ni faida kabla ya gharama. Kwa mauzo ya 2,400,000 hiyo ni 600,000. Toa kodi ya fremu, tuseme 80,000. Toa TRA, leseni, ulinzi, umeme na usafi, tuseme 130,000. Unabaki na 390,000. Halafu kila siku unatoa elfu 12 mpaka 15 ya nyumbani. Nimechukua elfu 13, nikazidisha kwa siku 30. Inakuja 390,000.

Hakuna kinachobaki, dada. Hakuna kilichoibiwa, hakuna laana, hakuna akili ya kimaskini. Duka lako linalisha watu watano na kulipa nauli za shule, kila mwezi, tangu 2019. Hiyo ni kazi kubwa, na duka linalofanya kazi hiyo haliwezi wakati huo huo kujipanua, kwa sababu chakula chake chote mmekila nyumbani. Mtu anaweza kujitamkia mpaka jogoo akauke sauti, hesabu hiyo haibadiliki.

Weka sasa mkopo juu yake. Milioni 3 kwa asilimia 10 kwa mwezi ni riba ya 300,000, kabla hujagusa deni lenyewe. Ili uipate hiyo riba peke yake kwa faida yako ya robo, unatakiwa uongeze mauzo ya 1,200,000 kila mwezi, yaani nusu nzima ya unachouza leo, kuanzia mwezi wa kwanza. Usipoweza, unalipa kutoka kwenye ile 390,000, na nyumbani mnabaki na elfu 3 kwa siku. Watu hawakuiita mikopo hii kausha damu kwa utani. Ni kweli tajiri anatumia deni, lakini analipata kwa bei nyingine kabisa, ana dhamana, ana mwanasheria, na akishindwa hawaji kumbebea kochi. Ukisoma sentensi ya namna hiyo kitabuni, uliza kwanza riba ya anayeisema ni ngapi.

Kikoba ndiko ulikokosea zaidi, na ndiko rahisi kurekebisha. Ushauri mzuri kuliko wote katika vitabu hivi, ule wa kujilipa wewe kwanza kabla hujamlipa mtu, ndio huo huo kikoba kilikuwa kinakufanyia kila wiki, bila kiingilio, mbele ya wanawake wanaojua jina lako. Ulikuwa unanunua hisa kabla pesa haijageuka mboga. Ulikuwa na mahali pa kukopa kwa riba ambayo mwisho wa mwaka mkivunja inarudi kwenu wenyewe. Ulikuwa na mfuko wa jamii ukiuguliwa. Mhamasishaji anasema ukae na wanaowaza mamilioni. Hao wenye mamilioni, siku fremu ikifungwa watakukopesha laki mbili? Nenda uombe radhi, na uombe kuingia mzunguko ujao. Watakusema kidogo, kisha watakupa kiti. Angalia tu kikundi kiwe kimesajiliwa kama sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inavyotaka.

Na kama siku moja duka litahitaji mtaji kweli, hesabu ikiwa imeonyesha hivyo, anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kwa kupitia vikundi. Foleni yake ni ndefu na makaratasi yanachosha, sitakudanganya.

Lakini kabla ya mtaji, fanya kama wale wa Lomé. Daftari moja, kurasa mbili: kilichoingia upande huu, kilichotoka upande ule, na pesa ya nyumbani iandikwe kama mshahara wako, kiwango kimoja, hata kama ni hiyo hiyo elfu 13. Pesa ya siku isiyo na kiwango ndiyo inayoteleza. Kisha jiulize ni nani anakuja kwako akiwa tayari ameamua kununua. Januari watoto wanakwenda bweni na fomu ya kujiunga imeorodhesha ndoo, beseni, sahani, kikombe, dumu. Mzazi anazunguka soko zima akivitafuta kimoja kimoja, na basi linamsubiri. Mpangie seti, weka bei moja, andika kwa herufi kubwa mlangoni SETI YA BWENI, na uanze kuongea na wazazi mwezi wa kumi na mbili. Baada ya mavuno ni msimu wa sendofu na kicheni pati, na kina mama wanachangishana kununua vyombo. Mwenyekiti wa kamati mmoja akikujua, umeuza seti tano kwa siku moja. Usiongeze mzigo wa kitu kingine chochote mpaka umejaribu haya. Pengine moja litashindikana. Andika kwa nini, jaribu jingine.

Semina, basi. Siwezi kusema zote ni mbovu, nyingine zina watu makini. Kabla ya kulipa laki tatu na nusu (ambayo kwako ni karibu faida ya mwezi mzima), uliza utatoka na kazi gani ya kufanya Jumatatu, na nani atakufuata kuona kama umeifanya. Wakikujibu kwamba utatoka na moto, moto utazimika mkifika Makambako. Na wakianza kuzungumzia kupanda pesa ili uvune mara mbili, ondoka. Lugha hiyo ya kupanda na kuvuna ndiyo iliyotumiwa na DECI, mpaka serikali ilipoifunga 2009 ikibainika kuwa ni upatu, na watu wengi walipoteza akiba zao.

Mume wako mwonyeshe zile hesabu. Usimpe kitabu, mpe daftari. Anaposema umechanganyikiwa, nahisi anaogopa mkopo na hajui namna ya kusema, au labda anaona haya kwamba bajaji haileti kitu. Mkikaa wote na namba mezani, anaweza kukubali kuchangia hata elfu 4 ya mboga kwa siku. Hiyo ni 120,000 kwa mwezi inayobaki dukani, na ndiyo mtaji wa kwanza usio na riba utakaoupata.

Limebaki la usingizi, na hili silichukulii kama jambo la biashara. Kukosa usingizi siku mbili tatu kwa sababu ya ada ni kawaida. Kama imefika wiki mbili, unajilaumu kutwa, chakula hakipiti, huna hamu hata ya wanao, au umeanza kuwaza kwamba bora usingekuwepo, hayo ni maradhi na yana tiba. Usijitibu kwa kujitamkia, na asikwambie mtu kwamba imani yako ni ndogo. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe useme hivyo hivyo ulivyoniandikia, au nenda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kwenye huduma za afya ya akili. Likikujia wazo la kujidhuru, usingoje asubuhi, mwamshe mume wako au jirani mwende usiku huo huo. Haya mengine yote niliyoyaandika, daftari, seti, kikoba, yatakusubiri mpaka urudi.